Ruguru Wawili, Kidole Kimoja

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Karurumo, wageni mliotoka Manyatta, Mitunguu na Meru mjini, familia inawashukuru kwa kusimama nasi katika jua hili, na kabla ya kuanza inaomba mfahamu kwamba marehemu mwenyewe, akiwa na akili timamu, alimwagiza bintiye Gatwiri, mbele ya mwanawe Nyamu, kwa maneno haya, "Historia yangu isisimame njiani kama ile ya baba yenu," kwa hivyo yatakayosomwa yamepitiwa kwanza na watoto hao wawili, wakayaridhia, na pale ambapo familia haina hakika itasema wazi kwamba haina hakika.

Winfred Ruguru Njue alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Karurumo, akiwa binti wa kwanza wa marehemu mzee Njue na mama Wanja, na kwa kuwa desturi yetu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba, aliitwa Ruguru, na mwezi wa Mei mwaka huo huo, ng'ambo ya ua ule ule, baba yake mdogo, mzee Munyi, naye alipata binti wake wa kwanza, akabatizwa Jerusha, naye pia akaitwa Ruguru, kwani nyanya alikuwa mmoja na desturi haiulizi kama jina limekwisha kuchukuliwa. Wasichana hao walikua kama pacha, wakila katika sufuria moja, na nyanya yao alizoea kuita mara moja na kuona wawili wakija mbio, akawa anasema, "Nimeita mmoja mmekuja wawili, basi mmoja abebe maji na mwingine abebe lawama," na ua wote ukicheka, kwa sababu wakati huo lawama ilikuwa jambo la kuchekesha.

Walianza darasa la kwanza pamoja mwaka 1986 katika shule ya msingi ya hapa jirani, wakafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, wakaendelea katika shule ya upili ya kutwa upande wa Runyenjes, wakamaliza mwaka 1997, na ingawa juma hili imesemwa na wengi kwamba Winfred alikuwa akiongoza darasa zima, ripoti za shule zilizopo zinaonyesha kwamba aliongoza katika hesabu peke yake, na kwamba katika Kiswahili alikuwa wa pili kutoka mwisho, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Tarehe 5 Mei 1998 wote wawili walikwenda Runyenjes kuchukua vitambulisho, wakasimama kwenye foleni mmoja nyuma ya mwingine, na namba zao zikatoka zimefuatana vivyo hivyo, tofauti ikiwa tarakimu ya mwisho tu, kwa hivyo kila mmoja aliijua namba ya mwenzake kama alivyoijua yake, na walirudi nyumbani wakijigamba kwamba hata serikali imeshindwa kuwatenganisha.

Mwezi wa Oktoba 1999 Winfred aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, akiwa wa kupokea buni ya wakulima, kuipima na kuitaja kwa sauti, kazi aliyoifanya msimu baada ya msimu kwa maisha yake yote yaliyobaki, na kuhusu dai kwamba hakuwahi kumpunja mkulima hata robo ya kilo, familia haiwezi kulithibitisha, ila inaweza kusema kwamba hakuna mkulima aliyewahi kulalamika, na kwamba wapo waliokuwa wakiruka foleni fupi wakajiunga na yake ndefu.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na Ephantus Njagi, dereva wa lori la mbao, baada ya mahari kupelekwa kwa utaratibu, na Mungu akawajalia Gatwiri, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2003 na kuitwa kwa jina la nyanya yake wa Imenti, na Nyamu, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 2006. Njagi alifariki tarehe 27 Aprili 2008, na wengi wenu mlikuwa hapa, mkasikia historia yake ikisomwa kwamba alichukuliwa na homa ya mapafu, na historia ile haikusema uongo, ilisimama tu kabla ya kufika, kwa sababu homa hiyo ilikuta mwili uliokuwa umekwisha kufunguliwa mlango na virusi vya ukimwi, na mjane wake, ambaye daktari alimwambia ukweli huo kando ya kitanda, alipimwa mwezi wa Juni mwaka huo, akakutwa navyo.

Hakutaka kuonekana kwenye kliniki ya karibu, ambako kila anayeketi kwenye benchi fulani huhesabiwa na macho ya barabara nzima, hivyo alikwenda mbali, akapita Chuka, akapita Nkubu, akateremka hadi Mitunguu ambako hakujulikana, na karani wa kliniki alipomuuliza jina na namba ya kitambulisho, alisema Jerusha Ruguru Munyi, akataja namba ile yenye tarakimu ya mwisho tofauti. Familia imelipima tendo hilo bila kulipendelea, na maelezo ya marehemu mwenyewe yalikuwa kwamba siku ile hakuona kama ameiba, kwani aliyeitwa kwa jina la nyanya ndiye nyanya, na kama wote wawili ni nyanya mmoja basi Ruguru mmoja akijifunika kwa jina la Ruguru mwingine ni sawa na kuazima kanga, na inawezekana aliamini hivyo, lakini ni kweli pia kwamba mwenye kanga hakuulizwa.

Kuanzia hapo, kila siku ya kliniki, aliacha kitambulisho chake nyumbani chini ya godoro, akaenda Mitunguu, akachukua dawa zake, na akarudi na mkungu wa ndizi ili awe na sababu ya safari, na majirani mkamtania, "Mama Gatwiri na ndizi, ni kama amezaliwa na tumbili," mkazila ndizi hizo kwa miaka mingi, nyinyi na watoto wenu, wala hakuna aliyetambua kwamba yeye hakuwa akizila, maana hakupenda ndizi hata kidogo. Dawa alizimeza kwa saa ile ile kila siku, virusi vikanyamaza mwilini hata vipimo havikuviona, na inafaa ieleweke na kila mtu aliye hapa kwamba si virusi vilivyomuua.

Mpango mpya wa bima ya afya ulipoanza, ukamtaka kila asiye na mshahara wa mwezi alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, shirika moja la misaada lilikubali kuwalipia wagonjwa wa kliniki ile ya Mitunguu, na mwezi wa Machi 2025 mshauri wa kliniki alimwambia Winfred kwa furaha, "Mama, mmelipiwa wote, siku utagonjeka enda tu hospitali yoyote, weka kidole, utatibiwa." Shirika lililipa kwa uaminifu, likamlipia mtu aliyeandikwa, na ujumbe wa malipo ukaingia kwenye simu ya Jerusha, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Manyatta na Bwana Gachoki, akichuma chai, mzima wa afya, asijue lolote.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, ukoo ulipokutana hapa hapa Karurumo kula pamoja, Jerusha alisimama kutoa ushuhuda, akasema, "Bwana asifiwe sana! Simu imelia nikiwa kwa majani chai, nikadhani ni wale watu wa mikopo, kumbe ni bima, mwaka mzima imelipwa, na mimi sijui ni nani! Lakini Mungu anamjua, na huyo mtu asikose kitu!" watu wakaitikia amina, na baba yake mzee Munyi akasema kutoka kitini, "Muulize kama huwa analipa na ng'ombe, mimi niko na nafasi kwa boma," pakawa na kicheko kikubwa. Katika mkutano ule mtu mmoja peke yake alielewa kilichotokea, naye alipiga makofi pamoja na wengine, na Gatwiri, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, anakumbuka kwamba aliendelea kupiga makofi baada ya wengine kunyamaza.

Kwa nini hakusema siku ile, familia haijui kwa hakika, ila alimwambia Gatwiri baadaye kwamba alikuwa mzima, na kwamba ada ile ilikuwa imetolewa kwa ajili yake, hivyo aliamini akiugua itamfaa kwa njia yoyote, na ni masikitiko kwamba hakumuuliza mtu yeyote aliyesoma sheria, kwani angeambiwa kwamba bima hulinda kidole, hailindi nia.

Mwezi wa Juni 2025 miguu yake ilianza kuvimba, ikabainika kwamba shinikizo la damu, ambalo hakuwa amelijali, lilikuwa limeharibu figo zake, na tarehe 12 Agosti 2025 alifikishwa katika hospitali moja ya Embu ili asafishwe damu kwa mashine, akataja namba ya Jerusha, akaweka kidole kwenye kifaa, kikakataa. Karani wa dirishani, kijana mwenye adabu, alisema, "Mama, hii kidole haijui hii namba," mtu nyuma yake kwenye foleni akasema, "Si umpanguse na spiriti, hawa mama wa kahawa vidole zao zimeisha," wakampangusa, wakajaribu kidole gumba, wakajaribu mkono wa kushoto, na Winfred akawaachia mikono yake kama mtu anayepimwa pete, akitumaini, alivyosimulia mwenyewe, kwamba mashine nayo ingeshindwa kuwatenganisha kama serikali ilivyoshindwa. Mwishowe alitaja namba yake mwenyewe, kidole kikakubali mara moja, lakini kwa namba hiyo hapakuwa na ada iliyolipwa, na kwa kuwa mtu mmoja alikuwa amejitambulisha kwa namba mbili, wenye bima walizifunga zote mbili, isipokelewe hata ada mpya, mpaka Ruguru wote wawili waape hati ya kiapo kueleza nani ni nani.

Kabla Winfred hajapata ujasiri wa kufika Manyatta, simu ya wenye bima ilifika kwa namba ya Jerusha, na aliyeipokea ni Gachoki, akaulizwa kama ni jamaa wa Jerusha Ruguru, mgonjwa wa kliniki ya Mitunguu, akauliza ni kliniki ya nini, akaambiwa, jambo ambalo halikupaswa kuambiwa mtu yeyote, na jioni ile Jerusha alitolewa nyumbani na mkoba mmoja, akarudi kwa kaka yake hapa Karurumo. Alipimwa katika vituo vitatu tofauti, akakutwa hana virusi mara zote, akampelekea mumewe majibu, Gachoki akasema, "Karatasi hata ya shahada ya chuo inanunuliwa Embu, sembuse hii."

Jerusha hakuchelewa kujua ni nani aliyejua namba yake, akaja jikoni kwa Winfred, akasema, "Dada, mimi nitaapa, hata leo, lakini wewe kwanza uende Manyatta useme kwa mdomo yako, mbele ya watu ya Gachoki, kwamba hiyo kitu ni yako," na sharti hilo, kwa maoni ya familia, lilikuwa la haki. Winfred aliomba apewe muda, kwani msimu wa kahawa ulikuwa unaanza, na aliogopa kwamba wakulima wakijua hawatapenda buni yao iguswe na mikono yake, kwa hivyo Septemba na Oktoba zilipita watoto wakiuza walichoweza kulipia mashine, kusafishwa damu mara mbili kwa wiki kukawa mara moja, na mara moja kukawa pale inapowezekana.

Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025 alikwenda. Mbele ya wazee wa pande zote mbili, akiwa ameshikiliwa na Nyamu kwa sababu ya miguu, alisema kwamba ni yeye, kwamba Jerusha hana kosa, kwamba jina aliliazima bila ruhusa, akaomba msamaha, na kila aliyekuwapo anakubali kwamba alisema wazi na bila kujitetea, na Gachoki alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata mimi ningekuwa ndugu yake ningekuja kusema hivyo, mmepangana vizuri," akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Kwa hiyo Winfred alitoa siri yake yote, na haikununua kitu, na Jerusha, ambaye hakurudishwa nyumbani, alisimama uani pale Manyatta, akasema maneno ambayo familia inayarudia kwa idhini yake, kwa kuwa ameomba yasifichwe, "Amevaa jina langu miaka kumi na saba, mimi imenibakia matambara. Siapi. Wacha alivae mpaka mwisho."

Habari zilifika Karurumo kabla ya Winfred, na juma lililofuata foleni ya mizani yake ikawa fupi. Familia haidai kwamba wakulima waliohamia mizani ya pili walihama kwa sababu hiyo, kwani ni kweli kwamba mizani ya pili iko karibu zaidi na lango, ingawa ni kweli pia kwamba lango halikuhamishwa mwezi wa Novemba. Wakili wa familia alitayarisha ombi mahakamani ili mambo yarekebishwe bila kiapo cha Jerusha, ombi likapewa tarehe 18 Februari 2026, siku ambayo bado haijafika, na kliniki ya Mitunguu nayo, ilipoombwa ibadilishe jina, ilijibu kwamba haiwezi kabla ya kiapo au amri, hivyo Winfred aliendelea kwenda kuchukua dawa kama Jerusha, kwa kuwa hakuwa tayari kuziacha hata siku moja.

Alhamisi tarehe 8 Januari 2026 alikwenda Mitunguu kwa mara ya mwisho, akazirai nje ya soko la ndizi, na aliyemwinua ni Bwana Younis Burale, mfanyabiashara wa Meru mjini aliyekuwa amekuja kununua ndizi, akashusha mikungu yake kando ya barabara, akamlaza kwenye pikapu, akaendesha kuelekea hospitali upande wa Meru, akimsemesha njia nzima ili asilale, "Mama, wewe unaitwa nani? Niambie jina, mama, usinyamaze," naye akajibu, "Winfred." Alimjibu mtu asiyemjua hata kidogo, jina lake halisi, bila kulazimishwa, na Bwana Younis alipofika alisema mapokezi, "Huyu mama anaitwa Winfred, ameniambia mwenyewe," lakini mkobani mlikuwa na kadi ya kliniki, na katika ushindani kati ya mdomo na karatasi, karatasi ilishinda, akalazwa kama Jerusha Ruguru Munyi, na kama Jerusha Ruguru Munyi alifariki, asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Januari 2026, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Hospitali ilitafuta jamaa kwa namba ya simu iliyoambatana na jina hilo, simu ikalia hapa Karurumo, sauti ya upole ikasema, "Pole sana, mgonjwa wetu Jerusha Ruguru ametuacha," na aliyepokea akajibu, "Jerusha ni mimi," kisha akakaa chini, na waliokuwa naye wanasema hakuuliza aliyekufa ni nani, wala hakuhitaji kuambiwa. Siku iliyofuata Gachoki, ambaye uvumi ulimfikia kwamba mkewe amekufa kwa ugonjwa ule ule aliosema, alifika hapa akiwa amevaa koti jeusi, tayari kuulizwa kuhusu mazishi, akamkuta mkewe akimenya viazi vya waombolezaji, akasema, "Sasa aliyekufa ni nani?" naye Jerusha akamjibu bila kuinua kisu, "Ni yule ulikataa kuamini." Gachoki hayupo nasi leo, na familia haijui sababu.

Kibali cha mazishi kilitoka kwa jina la Jerusha, maiti haikuweza kutolewa, na kwa muda huo aliyekuwa marehemu kisheria ni mwanamke aliyekuwa akituchotea maji hapa nyumbani, hivyo Jumanne tarehe 20 Januari 2026 Jerusha alikwenda Embu mjini, mbele ya kamishna wa viapo, akasema, "Niandikie haraka, watu wanasema nimekufa," akaapa kwamba yeye ndiye yeye na Winfred Ruguru Njue ni mtu mwingine, akatia sahihi, na chai aliyowekewa mezani ilikuwa bado moto. Hati hiyo haina neno moja zaidi ya lile aliloombwa kuliapa tangu mwezi wa Agosti. Alikuwa amesema jina lake livaliwe mpaka mwisho, na mwisho ulipofika alilidai.

Kiapo hicho kimefanya kazi iliyotakiwa, kwani maiti ilitolewa, kibali kikasahihishwa, na juzi Alhamisi wenye bima walifungua namba zote mbili, wakatuma ujumbe kwa kila mwenye namba, na ule wa Winfred uliingia kwenye simu yake, iliyo mkobani mwa Gatwiri hapa mbele yenu, ukimpongeza kwa jina kwamba sasa anaweza kulipa ada yake na kupata matibabu katika kituo chochote kilicho karibu naye. Gatwiri hajaufuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu na wa upande wa Meru, waliofanya walichoruhusiwa kufanya, inamshukuru yule kijana wa dirishani kwa kumpangusa mama yetu vidole kwa upole, inalishukuru shirika lililolipa ada kwa nia njema, inamshukuru Bwana Younis Burale, aliyepoteza ndizi zake na ambaye ndiye wa mwisho kumwita kwa jina lake, inawashukuru majirani waliochanga hema, chakula na jeneza kwa ukarimu ambao hatukujua kwamba upo kijijini, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda, na wakulima wote, wa mizani ya kwanza na wa mizani ya pili. Inamshukuru pia Jerusha Ruguru Munyi, ambaye ameomba awe wa kwanza kutupa udongo, na watoto wa marehemu wamekubali.

Ameacha watoto wawili, mama mzazi, na Ruguru mmoja.

Winfred Ruguru Njue, binti Njue, mama Gatwiri, karani wa mizani wa Karurumo, pumzika kwa amani, na upumzike kwa jina lako.